Siku Tatu za Malka Moja

Nilikuwa nimeijaribu programu ile kwenye laptopu yangu mara nyingi kiasi kwamba mjomba, ambaye dukani kwake Garsen ndiko ninakopata umeme, aliniuliza kama naihifadhisha juzuu. Sikucheka. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuangalia kama nimefunga, nikifika njiani narudi tena.

Niliiandika kwa ajili ya kamati ya malka. Malka ni njia inayoachwa kati ya mashamba ili ng'ombe wa wafugaji wafike mtoni kunywa maji, na mpunga wa wakulima usiguswe. Upande wa Chara, kwenye mashamba ya kando ya mto, ziko kadhaa, na kiangazi kikikaza kila mtu anataka ile ya karibu. Kamati ina wafugaji na wakulima, na walichotaka ni kitu kidogo: kila malka iwe na siku yake ya kufunguliwa, zamu zizunguke kila mwezi, na watu wote waijue siku hiyo mapema. Walinipa mimi kazi hiyo, mimi ambaye sikusomea kompyuta popote, niliyejifunza kwa video na kwa kukosea.

Laptopu yangu ni ya mtumba na inatumia Linux. Kompyuta ya katibu wa kamati ni ya zamani na inatumia Windows. Nilipompelekea programu ilikataa hata kufunguka. Nilidhani nimeharibu kitu, nikaanza kumwomba radhi katibu, mzee mfugaji ambaye aliendelea tu kuchokonoa meno. Baadaye nikaelewa kuwa kifaa kinachofikiri ndani ya mashine yake ni cha kizazi cha nyuma, na mimi nilikuwa nimeiandaa programu kwa cha kisasa tu. Nikaiandaa upya, ikafunguka, akachapisha ratiba na kuisoma mkutanoni. Bibi yangu, ambaye shamba lake linapakana na malka, alisikia kwamba ng'ombe wangepita Alhamisi. Akapanga na wanawake wenzake waje wamsaidie kuvuna Jumatano.

Kisha nikatengeneza nyingine ya simu. Niliona fahari. Nilimtumia rafiki yangu, kijana wa wafugaji niliyesoma naye msingi, naye akawapigia wenzake waliokuwa nyikani na mifugo.

Jumatatu asubuhi alinipitia dukani.

"Fundi, kesho tunashuka Chara," akasema. "Mwambie bibi yako aweke chai ya maziwa. Maziwa tutakuja nayo sisi."

Nikamwambia si kesho. Akanionyesha simu. Malka ya kwa bibi: Jumanne. Nikafungua laptopu yangu ili nimwaibishe. Jumatano. Nikampigia katibu nikamwomba asome kwenye kompyuta yake. Alhamisi.

"Sasa kati ya hizo tatu, ipi inasema ukweli?" rafiki yangu akauliza. "Ama twende na ile yenye betri kubwa?"

Programu ni moja. Maneno niliyoandika ni yaleyale, nukta kwa nukta, nilikuwa nimeyakagua. Nilizima nikawasha. Nilibadilisha tarehe nikairudisha. Rafiki yangu alikaa kwenye kreti ya soda akingoja, na kila alipokohoa nilihisi ananihukumu. Nilipaswa kumpigia bibi palepale. Sikumpigia, kwa kuwa nilitaka kwanza nijue sababu, niwe na la kusema. Kumwambia mtu mzima kwamba sijui ni jambo linalonishinda.

Adhuhuri ikapita. Ndipo nilipoiona. Malka nilizipa namba, nikaiambia programu iipe malka ya kwanza siku ya kwanza ya wiki, ya pili siku ya pili, na kuendelea. Siku ya kwanza ni ipi, sikuandika. Niliiachia mashine yenyewe iseme. Laptopu yangu huanza wiki Jumapili. Ya katibu huanza Jumatatu. Simu ya rafiki yangu ililetwa na shangazi yake aliyefanya kazi Uarabuni, na bado ina mipangilio ya huko, wiki huanza Jumamosi. Malka ya kwa bibi mwezi ule ilikuwa ya nne.

Kujua hakukunisaidia. Nilitafuta iliyokosea nikakuta hakuna. Kamati haikuwa imetaja siku yoyote. Ilitaka tu watu wakubaliane. Mashine zote tatu zilikuwa sahihi, na mpunga wa bibi ungeliwa kwa usahihi huohuo.

Nikampigia katibu nikamweleza, nikijikanyaga.

"Ng'ombe wako njiani," akasema. "Nishike lipi?"

Ulimi ulitaka kusema Alhamisi. Nikajiuliza kwa nini Alhamisi, na jibu halikuwa zuri: kwa sababu ya bibi. Wanyama wenye kiu wangengoja siku mbili juani kwa ajili ya bibi yangu mimi.

"Mzee, sijui," nikasema. "Na shamba lililo pale malkani ni la bibi yangu, kwa hiyo usiniulize mimi."

Kisha akasema wafugaji hawangeweza kuwazuia ng'ombe zaidi ya kesho jioni, na kama bibi angeanza kukata sasa hivi, yeye angewaambia vijana wasiwakimbize.

Nilipompigia bibi, hakuuliza kuhusu kompyuta. Aliuliza kwa nini sauti yangu ilikuwa inakuja saa tisa na si asubuhi. Kisha akawaita wenzake.

Nilipanda bodaboda nikaenda kuvuna nao hadi kiza, na kesho yake tangu alfajiri. Navuna vibaya, mwanamke mmoja alinifuata nyuma akiokota nilivyoacha, akiniambia kwa upole kwamba mpunga hauna haja ya kulingana urefu. Ng'ombe walipotokea tulikuwa hatujamaliza ukanda wa mwisho, ule ulio kando ya malka. Rafiki yangu na wenzake walijipanga ukingoni na fimbo zao, ng'ombe wakapita wakinusa. Wachache walinyoosha shingo, wakala.

Bibi alitembea kwenye ukanda ule, akageuza mabua yaliyong'olewa kwa kidole cha mguu.

"Ningepigiwa asubuhi," akasema, "hata hiki kipande kingekuwa ndani."

Ratiba sasa nimeiandika kwa majina ya siku, mashine haiulizwi kitu. Kwenye kompyuta ya katibu, kwenye simu na kwangu inasema jambo moja. Bado naikagua. Ninachoshindwa kukagua ni zile saa za Jumatatu nilizokaa dukani: nilijua tayari kwamba siku zimegongana, hilo pekee lilitosha kumpigia, na sielewi kwa nini nilingoja kwanza kujua sababu.