Risasi Kumi Ukweni

Mimi ni bwana nyama, afisa wa wanyamapori, na kwa hasira nilizo nazo nisingechagua kazi ya kumvizia fisi. Lakini fisi wa kijiji cha Nkololo alikuwa amekula mbuzi wanne wa mama mkwe wangu, naye akanitumia salamu mjini: kama kweli binti yake ameolewa na mtu mwenye bunduki, basi anataka kuiona hiyo bunduki ikifanya kazi. Salamu ya namna hiyo haijibiwi kwa simu.

Ofisini nilipewa bunduki ya darubini na risasi kumi. Njiani bodaboda ikatumbukia kwenye korongo, darubini ikagonga chuma cha kubebea mizigo. Darubini ikishagongwa haiaminiki mpaka uirekebishe upya. Basi nikachora duara la mkaa kwenye boksi la sabuni, nikaliegemeza kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya boma, nikahesabu hatua mia. Kazi yenyewe si ngumu. Unalala kifudifudi, bunduki juu ya kiroba cha mchanga, unapiga tatu bila kurekebisha chochote, unaangalia zimeangukia wapi. Ndipo unazungusha vifundo viwili vya darubini: cha juu kwa kupanda na kushuka, cha ubavuni kwa kulia na kushoto. Kila kikilia tik, risasi inasogea upana wa punje ya mahindi.

Tatizo lilikuwa huko kulala. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe anakuja na kigoda chake, akakaa hatua chache nyuma yangu. Sisi Wasukuma na mama mkwe hata njiani tunapishana kwa mbali. Sasa nilale kifudifudi, makalio yamwangalie yeye? Heri fisi anile mimi.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, macho chini.

Akaitikia, kisha akamgeukia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, maana zaidi ya salamu mimi na mama mkwe hatusemeshani hivi hivi. "Mwambie baba aendelee."

Nikachuchumaa. Magoti yakitetemeka, risasi ya kwanza ikaenda kushoto. Badala ya kungoja tatu, nikazungusha kulia. Ya pili ikaenda kulia, nikarudisha kushoto. Nikawa nazungusha vifundo kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ya sita haikuligusa hata boksi.

"Shemeji," akasema yule mdogo wa mke wangu, mtani wangu, "hilo boksi lina hirizi, au fisi ni ndugu yako?"

Masikio yaliwaka moto. Zilibaki nne. Nikirudi mjini fisi akiwa mzima, uso wangu ningeuweka wapi ukweni maisha yangu yote? Niliona aibu mpaka nikatamani kulia.

"Mama anauliza unatetemeka nini," shemeji akaniletea swali.

Nikamnong'oneza ukweli, kwamba siwezi kulala kifudifudi mbele ya mama. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaenda kumweleza mama yake. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akageuza kigoda kikaelekea nyumbani, akakaa tena akiwa amenipa mgongo.

"Mwambie alale," akasema.

Nikalala. Nikapiga tatu, na matundu yote matatu yangefunikwa na kiganja, ila yalikuwa chini, upande wa kushoto. Nikapanga punje za mahindi kutoka pale hadi katikati ya duara: kumi na nne kwenda kulia, tisa kwenda juu. Shemeji akasema bwana nyama anapanda kwa mistari, mvua tu ndiyo bado. Nikazungusha tik kumi na nne, kisha tik tisa. Risasi ya kuhakikisha sikuwa nayo, kwa sababu moja iliyobaki ilikuwa ya fisi.

Kulipopambazuka nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya zizi, bunduki tayari. Fisi akatokea, akasimama ananusa upepo. Wakati huohuo mlango wa nyumba ukafunguka nyuma yangu. Kwa jicho la pembeni nikamwona mama mkwe na ndoo yake, ananitazama nilivyojilaza. Mwili mzima ulitaka kuruka usimame. Yeye akaitua ndoo taratibu, akageuka akatazama ukuta.

Nikapiga. Fisi akaanguka palepale.

Shemeji alikuwa bado anakoroma ndani, hakukuwa na mtu wa kutumwa. Mama mkwe akakohoa kidogo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanisemesha mwenyewe.

"Baba, nigeuke?"

"Bado, mayu. Nisimame kwanza."