Togwa Niliyoona Aibu Kuikataa

Nakumbuka siku tuliyopeleka posa ya kijana wangu kule Chala, nikanusurika kufa kwa sababu ya adabu. Cheka tu, mwanangu, hata mimi siku hizi nacheka. Nakusimulia kwa sababu mama yako ameniambia umeanza kusafishwa damu, na hutaki mtu ajue.

Figo zangu zilikuwa zimeshindwa tangu mwaka uliotangulia. Presha iliziharibu taratibu, mimi najidanganya kuwa ni uchovu wa shamba. Mara tatu kwa wiki nilitoka hapa Kizwite kwenda hospitali, damu ikapita kwenye mashine na kurudi. Nesi alinieleza vizuri: figo zikigoma, maji unayokunywa hayana pa kutokea, yanajaa mwilini mpaka kwenye mapafu. Akanipimia vikombe viwili vidogo kwa siku, chai na mchuzi humo humo. Nikaitikia kama mwanafunzi hodari.

Sasa njoo Chala! Unatujua sisi Wafipa, mgeni hajakaa vizuri togwa ya ulezi imeshafika. Mwenyeji anaonja mbele yako ujue haina sumu, kisha anakukabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Ukikataa hapo, umewaita wakwe zako wachawi, na wewe umekwenda kuomba binti. Nikanywa. Tukapitishwa nyumba za ukoo: kwa baba mdogo wa binti, nikanywa. Kwa bibi yake nikanywa, tena nikasifia, akaniongeza. Nyumba ya nne pumzi ikakata. Nilihema kama niliyepandisha mlima na gunia la mahindi, na niliogopa kweli kweli. Wakanikimbiza Sumbawanga kwenye mashine, mambo ya posa yakaishia hapo.

Nilipopata nafuu, kando ya kitanda alikuwa ameketi shangazi yangu Perpetua, bibi wa miaka themanini na ushee, fimbo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi wewe, kukataa kibuyu unaona aibu, kutuita tuje kukuzika huoni aibu?"

Nikalia, mwanangu, mtu mzima mimi. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Jumamosi tunarudi Chala, mimi na wewe."

Tukarudi. Kibuyu kilipoletwa, akasimama. "Jamani wakwe, huyu figo zake hazifanyi kazi. Maji yatamuua. Atagusisha mdomo tu, inayobaki ni yangu."

Kisha bibi wa binti akashika kichwa. "Sasa baba, si ungesema? Na mimi nilikuongeza!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi alizimaliza nyumba zote nne, akarudi nyumbani anakoroma garini. Binti tukampata, na ndiye anayenipimia chai mpaka leo, kikombe chenyewe hata paka hashibi.

Basi, mwanangu, usiruke siku ya mashine hata ukijisikia mzima. Kipimo cha maji akupe daktari wako, usiige changu. Na popote utakapokaribishwa, utaje ugonjwa wako kabla kibuyu hakijafika mkononi. Anayekupenda hatakasirika, atakasirika ukimficha.

Mungu akupe pumzi ndefu, akupe wakwe waelewa, na akujalie shangazi mwenye kiu.