Majani ya Mgomba

Mfungaji wa miraa pale Muthara hakuacha hata siku moja kuliweka jani la mgomba shavuni kabla ya kufungia miraa ndani yake. Jani likiwa na joto, alilitupa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Duka langu la vitabu lilitazamana na stoo ya miraa alikofanya kazi, nikamzoea.

Adhuhuri moja ya Februari, mbwa wa stoo alianguka ndani ya kibanda chake cha mabati, ulimi nje, akihema kwa kasi. Gari la kupeleka miraa Nairobi lilikuwa likipiga honi. Mfungaji aliacha mzigo, akamfungua mbwa mnyororo, akamlaza kivulini juu ya majani yaliyokuwa tayari kwa miraa, akawa anamlowesha tumbo na nyayo taratibu huku akimpepea.

"Mzee, na hiyo pia inaenda Nairobi?" dereva akamcheka.

"Enda na yako. Hii bado sijafunga."

Gari likaondoka na nusu ya mzigo. Mwenye stoo alipofika, mbwa alikuwa ameanza kulamba maji kiganjani mwa mfungaji. Mwenye stoo akaamuru mbwa arudishwe kwenye kibanda cha mabati. Mfungaji akatikisa kichwa.

"Basi toka naye," mwenye stoo akasema. "Wote wawili."

Jioni ile mfungaji alirudi kwao Mbeere, na sijamwona tena. Lakini kwanza alivuka barabara akiwa amembeba mbwa, akasimama mlangoni pangu.

"Mama Kananu," akaniuliza, "huko nyuma kwako kuna kivuli?"