Magazeti ya Watu wa Mikokoteni

Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya kuingia mtaa wa Ayany, Kibera, na kila samaki alihitaji gazeti la kumfungia. Magazeti nilikuwa nayanunua kwa kilo karibu na kituo cha Kawangware 46, kwa mzee mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, aliyeyakusanya kutoka nyumba za matajiri wa jirani. Mimi na mume wangu tulikaa Soweto West, humo humo Kibera, chumba kimoja. Yeye alitoka kila asubuhi kutafuta kazi ya mjengo. Tulikuwa wawili tu. Mwaka uliotangulia tulikuwa watatu.

Mtoto wetu wa kike alikufa kwa homa, ndio kwanza anaanza kutembea. Hatukuweza kumsafirisha hadi kwetu ziwani, tukamzika Lang'ata, kwenye makaburi ya umma. Kwetu mtoto hazikwi ugenini. Mama mkwe alituma mtu na neno moja: "Mmemwacha na nani huko?" Baada ya hapo hatukumtaja tena. Tulizungumza juu ya maji, mafuta ya taa na paa lililovuja.

Siku moja, katika kufunga samaki, nikashika karatasi isiyo ya kawaida. Ilikuwa nene na laini, kama shuka lililofuliwa miaka mingi. Haikuwa na picha hata moja, na herufi zake zilikuwa ndogo kama mbegu za wimbi. Nikaiweka kando, mteja nikamfungia kwa nyingine. Jioni niliisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Lilikuwa gazeti la Marekani, la zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lenye habari za Wamormoni, watu waliofukuzwa walikokaa kwa sababu ya dini yao, wakashika njia ya magharibi kutafuta bonde lenye ziwa la chumvi. Wengine hawakuwa na ng'ombe wa kuvuta magari. Walivuta mikokoteni kwa mikono yao, wamepakia vyombo, blanketi na watoto, wakatembea miezi.

Kesho yake nilirudi Kawangware.

"Mzee, hii ulitoa wapi?"

"Hiyo? Kwa mzungu mwenye nilikuwa namlimia bustani. Akirudi kwao aliniachia sanduku mzima. Alikuwa anazitafuta tangu akiwa kijana."

"Zingine ziko?"

"Ziko, lakini panya zinakula. Na si nzuri ya kufunga, mama. Unataka za nini?"

"Nataka kusoma."

Akacheka. "Habari ya watu walikufa kitambo!"

Yeye hakula samaki, kama wazee wengi wa rika lake wa kwao milimani, lakini alifuga paka. Tukaelewana: mimi nimletee vichwa vya samaki, yeye anipe gazeti.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuyakusanya. Niliyalaza chini ya godoro, ndani ya karatasi ya nailoni, na mwanzoni mume wangu alilalamika kwamba analalia maktaba. Yote yalikuwa na habari za Wamormoni: gazeti moja liliwacheka, lingine liliwahurumia, lingine liliwaogopa kana kwamba ni jeshi. Nilipomsomea kwamba baadhi ya wanaume wao walioa wake wengi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa hao si watu wa kwetu kabisa? Babu yangu angewachinjia ng'ombe."

Kisha nikafika kwenye gazeti lenye mistari michache, chini kabisa ya ukurasa, kuhusu mama mmoja. Mtoto wake alikufa njiani. Walimzika kando ya mto, wakapanga mawe juu ili mbwa mwitu wasimfukue, na asubuhi yule mama akashika tena mkokoteni. Jina lake halikutajwa. Gazeti lilisema tu kwamba alizidi kugeuka nyuma mpaka kilima kikauficha mto.

Nilimsomea mume wangu, nikitafsiri polepole. Aliacha kula.

"Alirudi?"

"Haijasema."

"Kumwona mtoto. Hakurudi hata siku moja?"

"Nimekwambia haijasema."

"Basi tafuta ingine. Lazima kuna mahali waliandika."

Jumamosi ile alikwenda Kawangware mwenyewe, amebeba vichwa vya samaki kwenye mfuko wa nailoni. Tangu hapo tukawa tunamtafuta yule mama wote wawili. Mume wangu alikuwa akirudi na gazeti, na kabla ya kuvua viatu anasema, "Soma." Nilisoma hata matangazo ya farasi na ya sabuni, nisije nikampita yule mama. Dini yake sikuijua vizuri, na bonde lao sikulitamani. Nilitaka mtu aniambie aliishije baada ya kile kilima.

Sanduku likaisha. Gazeti la mwisho lilikuwa limeliwa nusu na panya. Lilieleza msafara ukiingia bondeni, na wenzao waliotangulia wakitoka kuwalaki kwa mikate. Juu ya yule mama hakukuwa na neno.

"Labda alirudi na hakuna mtu aliandika," mume wangu akasema.

"Sidhani. Ilikuwa mbali sana."

Akalikunja lile gazeti. "Sisi hatuko mbali," akasema. "Lang'ata ni mguu tu."

Tulikwenda Jumapili. Tulimpata kwa shida. Makaburi mapya yalikuwa yamembana pande zote, na rangi ya msalaba imefifia. Tuling'oa nyasi. Mume wangu akachuchumaa, akamsimulia kwa lugha yetu habari za ziwa, za boma letu, za nyanya yake anayependa kugombana. Kisha akamwita kwa jina, kwa sauti, na mimi nikalia kama siku ile tuliyomzika, labda zaidi. Mpaka leo yuko kule. Mpaka leo natamani angekuwa kwetu, mahali maji yanasikika usiku.

Tulirudi kwa miguu kando ya msitu. Karibu na Kibera njaa ikatushika, tukanunua hindi moja la kuchoma, akalivunja katikati, akanipa kipande kikubwa.