Upande wa Masasi

Nafundisha hesabu Butembo. Utafiti wangu ni wa kutoka kwenye matokeo kurudi kwenye chanzo: kitu hukioni wala hukigusi, unapima kile kinachokufikia, kisha unatafuta kilikotoka. Mwaka ule nilishughulika na sauti. Vinasa sauti kadhaa vinasikia mlio mmoja kwa nyakati tofauti kidogo, na tofauti hizo zinakuambia mlio ulipoanzia. Kwenye karatasi nilikuwa nafaulu.

Asubuhi moja mdogo wangu wa kike alinipigia simu. Alikuwa kwenye shamba lake la kakao, kabla ya kufika Mavivi ukitoka mjini Beni, pamoja na mama yetu. Alinong'ona, akiniita yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, masasi. Iko karibu."

"Milio ya bunduki inatoka upande gani?"

"Sijue. Kama ku mulima, kama ku barabara. Tukimbie wapi?"

Kwa simu yangu nyingine nikampata mume wake, mjini Beni. Naye alikuwa anasikia. Aliapa kwamba mlio unatoka barabarani. Nikachora kilima, barabara, kijito. Majibu mawili, kilimani na barabarani, yalikubaliana na yote waliyoniambia, kwa sababu kilima hurudisha mwangwi. Kosa dogo la sikio huwa kosa kubwa la jibu. Sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika mara nyingi, bila mtu anayesubiri jibu langu. Sasa nikisema barabara, huenda nawapeleka kwa wauaji wanaovamia mashamba msimu wa mavuno. Nikisema kilima, vilevile.

"Yaya, uko? Sema!"

"Hapana kukimbia," nikamwambia. "Sijui wako wapi. Mulale chini, muzime simu."

Ikakatika. Wanafunzi waligonga mlango wa ofisi, wakaondoka. Nilikaa nikisikiliza pikipiki za mtaani, na kila iliyopiga mlipuko niliitazama simu.

Alasiri ndipo alipopiga tena. Walikuwa wazima, wamefika Beni. Aliniambia kwamba majirani wa shamba walikimbilia barabarani, nikamuuliza yaliyowapata.

"Walipita muzuri tu," akasema. "Walifika mbele yetu, tuliwakuta Beni."

Hadi leo sijui kama niliwaokoa au niliwaacha palepale hatari ilipokuwa. Mama sasa anaishi kwangu, amekataa kabisa kurudi. Mdogo wangu alirudi, maana kakao ndiyo inayosomesha watoto. Msimu wa mavuno nafundisha simu ikiwa wazi juu ya meza, na ikitetemeka tu, chaki inasimama ubaoni.