Kandambili Kwenye Mstari wa Bembea

Huku Himbi, mjini Goma, tuna bustani ndogo ya watoto. Majani yake yamepandwa juu ya udongo ulioletwa kwa malori, maana chini ni mawe meusi matupu. Kuna bembea moja, kuna toboga la bati la kuteleza linalochoma matako jua likiwa kali, na kuna nyumba ya mpira ya kurukia ambayo huishiwa hewa kila Jumapili, na kila mara ni pale mchezo umenoga. Upande wa ziwa kuna viti vya plastiki na mama wa mishikaki. Moshi wa mama huyu hauna adabu, humfuata mtu popote anapohamia.

Mimi nauza vitenge Birere, na kazi hiyo imeniharibu macho. Mtu akipita, naona kitenge chake kwanza, sura baadaye. Kwa hiyo Jumapili pale bustanini naweza kukuambia nani amevaa kitambaa halisi na nani amevaa kile kinachochuja rangi kwenye maji ya kwanza, nani ameshonewa na fundi wa kweli na nani ameonewa. Wenye familia huja wakiwa wamefanana, baba shati, mama gauni, watoto mpaka yule wa mgongoni, wote kipande kimoja. Huwa nawaangalia na kuwatafutia kasoro. Siku hizi nawatafutia kasoro zaidi kuliko zamani, na sababu yake naijua.

Watoto wana sheria yao kwenye bembea, na hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Wameitoa kwenye robine, bomba la maji la mtaa. Kule, kila mtu hupanga dumu lake kwenye mstari, kisha huenda zake kuchambua maharage au kusengenya, na dumu humsimamia. Pale kwenye bembea watoto huvua kandambili moja na kuipanga kwenye mstari. Kisha hukimbilia toboga au Fanta, wakirukaruka kwa mguu mmoja juu ya changarawe nyeusi. Kandambili ya mbele ikipanda na mwenyewe, zilizobaki zinasogezwa mbele kidogo. Hakuna anayeruka ya mwenzake. Nimeona wakubwa wakipigania foleni hospitalini na benki mpaka vifungo vya mashati vikakatika, lakini pale sijaona.

Mjukuu wangu alikuwa bingwa wa sheria hiyo. Alikuwa bado wa shule ya chekechea, mdogo kuliko wengi, lakini ukigusa kandambili yake ungesikia. Alizaliwa nyumbani kwangu na akakulia nyumbani kwangu, na ulimi aliurithi kwangu pia. Jumapili moja asubuhi nilipomaliza kufunga kilemba nilimuuliza kama nimependeza, naye alinitazama kuanzia juu hadi chini akasema nafanana na pazia. Nilimwambia yeye anafanana na mto wa kochi. Basi tulienda misa hivyo, pazia na mto wa kochi, na baada ya misa bustanini.

Jumapili ya mwisho kandambili yake ilikuwa imebakiza mbili mbele yake. Siku hizo risasi zilikuwa zinasikika upande wa juu wa mji, lakini watu walikuwa wamekuja bustanini hivyo hivyo, maana watoto hawakai ndani wiki nzima. Binti yangu akanipigia simu. Alisema jirani amepata gari, kuna nafasi kwa ajili yake, mume wake na mtoto, na wanatakiwa kuvuka kabla mpaka haujafungwa jioni. Watafika Kampala kwa shemeji. Mimi tulikuwa tumeshaelewana kwamba nitabaki. Nyumba isiyo na mtu hapa kwetu haikai siku mbili, na stoo yangu ya vitenge ilikuwa imejaa.

Nikaokota kandambili kwenye mstari, nikambeba mtoto mgongoni. Alilia njia nzima. Hakulilia risasi wala safari, alilia zamu yake. Nyumbani mama yake alimvalisha viatu vya kufunga vya shule, kandambili zikabaki nyuma ya mlango. Akiwa ameshaingia kwenye gari alishusha kioo, akaniambia mimi bibi yake kama bosi anavyomwagiza mfanyakazi:

"Koko, unichungie turu yangu."

Nikamwambia zamu yake nitaichunga. Unamwambia nini mtoto kwenye dirisha la gari?

Wiki zilizofuata sitazieleza, kila mtu wa Goma ana zake. Nitasema tu kwamba watu waliporudi kutoka nje, mama wa mishikaki naye alirudi, na Jumapili moja nikasikia kelele za watoto kutoka bustanini. Nilikuwa nimekaa nyumbani na nguo za misa, nimefunga kilemba, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nafanana na pazia. Nilikuwa mpweke. Nimekaa sokoni miaka mingi katikati ya watu na sikuwahi kulihitaji neno hilo, lakini siku hiyo nililihitaji. Nikachukua kandambili moja nyuma ya mlango, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda.

Mlinzi wa getini ananijua. Ni baba wa makamo, hana maneno mengi. Alitazama nyuma yangu, halafu akatazama tena.

"Mama, mutoto iko wapi?"

Nikamwambia anakuja. Alifungua geti, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Namshukuru kwa hilo, ingawa sijawahi kumwambia.

Nilipoiweka ile kandambili mwisho wa mstari, watoto walidhani mwenyewe yuko toboga. Ilisogezwa, ikasogezwa, ikafika mbele, na hakuna aliyekuja. Ndipo nikainuka kwenye kiti changu, nikaiokota mbele ya wote, nikairudisha nyuma kabisa. Kuna binti mmoja pale mwenye sauti ya mkaguzi wa shule, ndiye anayesimamia ule mstari bila kuchaguliwa na mtu. Alinifuata akataka kujua mwenye kiatu yuko wapi. Nikamweleza kwamba amesafiri, na kwamba aliniachia zamu. Alifikiri kidogo. Kisha akatangaza kwa wenzake kwamba ile ni ya mtu wa safari, isogezwe kama nyingine, ikifika mbele koko atairudisha nyuma. Hakuna aliyecheka. Watu wazima ndio waliocheka, kule kwenye viti, na mmoja alikuwa amevaa kitambaa kinachochuja.

Hivyo ndivyo Jumapili zangu zilivyokuwa, mwezi baada ya mwezi. Misa, kandambili, kiti changu karibu na bembea, moshi wa mishikaki. Kinamama walizoea kunikuta pale, wakaanza kuniachia mikoba na vitoto vilivyolala. Walisema "koko, niangalizie huyu," na kwenda kupiga picha kando ya ziwa. Niliangalia. Mtoto wa mtu akikulalia mapajani, jasho lake linakulowesha kitenge, kisha mama yake anakuja kumchukua na kusema asante, na pale alipokuwa amelala panabaki pa baridi.

Sikuwa na wazimu, kama kuna anayefikiria hivyo. Nilijua kandambili haichezi bembea. Lakini nilijiambia kwamba zamu yake ikiwa bado kwenye mstari, basi na yeye yuko njiani, kama mwenye dumu aliyekwenda mara moja kutazama sufuria jikoni. Kitu kimoja tu nilikitaka, asinisahau. Na kwenye simu nilikuwa naona kitu hicho kinaniponyoka. Mwanzoni alikuwa ananisimulia mpaka mama yake anamnyang'anya simu. Baadaye ikawa lazima mama yake amsukume, "salimia koko," naye ananisalimia huku macho yako kwingine. Kiswahili chake kikaanza kutafuta maneno. Alikuwa anaanza sentensi kwangu na kuimalizia kwa Kiganda au Kiingereza cha shule, na mama yake ndiye ananitafsiria mjukuu wangu mwenyewe.

Ndipo nikapata wazo la kumwonyesha bustani. Nilipanga na binti yangu anipigie kwa video Jumapili saa tisa, wakati mstari umejaa, ili mtoto aone bembea yake na kandambili yake. Nilijua akiiona tu, atakumbuka. Nilinunua mega za intaneti za kutosha. Nilivaa kitenge cha bluu chenye ndege, kile alichokiita pazia la salon, la sebuleni kwetu. Sitaficha, usiku wa kuamkia siku hiyo nililala vibaya kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Saa tisa ikapita. Kandambili ikasogea. Simu ililia kandambili ikiwa imebakiza mtoto mmoja tu mbele yake, na yule mmoja alikuwa tayari amekaa kwenye bembea. Niliona sura ya binti yangu, kisha ikaja ya mtoto, kubwa, karibu mno na simu. Meno ya mbele hayakuwepo. Shingo ilikuwa imerefuka. Alinisalimia vizuri, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonitisha. Yule hakuwahi kuniheshimu.

Nikageuza simu kuelekea bembea, nikamuuliza kama anaiona. Alisema anaiona. Akasema ni ndogo. Shuleni kwao zipo nyingi, za rangi rangi. Nikainama, nikaokota kandambili, nikaisogeza mbele ya simu, nikamwambia yake hii hapa, nimemchungia zamu mpaka leo, na sasa imefika mbele.

Aliitazama. Aliitazama kama mteja mwenye adabu anavyotazama kitenge ambacho hatakinunua.

"Koko, ile haiko yangu," alisema. "Ile ni ya mutoto mudogo."

Nilitaka kubishana naye. Nilitaka kumwambia tazama hapa kwenye kisigino, palipoliwa na mlango wa choo, ulilia siku ile. Lakini nilipoiangalia mwenyewe, kiatu kile kilikuwa kimelala chote kwenye kiganja changu na vidole vikabaki, na mtoto niliyekuwa naongea naye alikuwa na shingo ndefu. Yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli.

Bembea ilikuwa imesimama, iko tupu. Binti wa sauti ya mkaguzi alikuja ubavuni mwangu.

"Koko, turu ya mutu wa safari imefika. Nani anapanda?"

Kila Jumapili nilikuwa naiokota na kuirudisha nyuma. Siku ile miguu ilikataa kwenda kule nyuma. Nikakaa mimi. Ubao wa bembea ulinibana kila upande, minyororo ikalalamika, na kwenye nguzo, juu ya kichwa changu, kuna kibao kinachokataza watu wazima. Mlinzi aliniona. Alijikuna shingo, kisha akageuka kutazama ziwa. Kule kwenye viti waliacha kutafuna.

Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ulishika mnyororo na kandambili pamoja. Kwenye simu mtoto alikuwa amechangamka. Alicheka kwa pengo lake lote, akamwita mama yake aje aone koko kwenye balansuwari, na kwa muda huo mfupi alikuwa yule yule, wa kwangu, mto wa kochi. Nikangoja aniambie nafanana na pazia. Badala yake aliacha kucheka, akasogeza jicho karibu na simu, akitafuta kitu nyuma ya mabega yangu.

"Koko, nani anakusukuma?"

Alikuwa anajua anachouliza. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nasimama nyuma yake.

"Hakuna mutu," nikamwambia.

Alifungua mdomo kunijibu, na picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi, pengo linaonekana. Nilingoja. Baadaye kioo kikawa cheusi, na nikajiona mimi humo na kilemba changu.

Nilisukuma changarawe kwa miguu. Bembea ilikwenda kidogo mbele, ikarudi. Nikasukuma tena. Watoto kwenye mstari walikuwa wananitazama, kila mmoja na mguu mmoja usio na kiatu, wakinipa zamu yangu yote kama wanavyompa mtu mwingine yeyote. Ilipoisha, yule binti aliniambia imeisha. Nikashuka.

Nikatembea hadi mwisho wa mstari kama nilivyozoea, nikainama kuiweka ile kandambili nyuma ya nyingine. Ndipo nikakumbuka. Mtoto anayeenewa na kiatu kile hayuko Kampala, na hayuko hapa. Nikasimama nayo mkononi katikati ya bustani, na sikujua pa kuiweka.