Povu na Mikono Mikavu

Msusi aliamini kwamba mashine ile inamchukia, na wiki ile hakuna mtu ambaye angemwambia vingine akamwelewa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la tangi la samaki la marehemu mume wake, milango wazi, shavu karibu liguse zulia, anachungulia ndani kwa tochi ya simu.

"Panda basi," aliiambia. "Panda, mwana kulaaniwa wewe."

Povu halikupanda. Lilikaa chini likazunguka zunguka, halina hili wala lile.

Kwa asiyejua mambo haya, na msusi mwenyewe alikuwa hayajui mpaka juzi, samaki wa baharini hawaishi kwenye maji ya bombani na chumvi ya jikoni. Wanataka maji yaliyopimwa, na wanataka yasafishwe mchana na usiku. Ndani ya kabati, chini ya tangi kubwa, kulikuwa na tangi dogo ambamo maji hushukia kabla ya kurudishwa juu kwa pampu. Humo ilisimama mashine ya povu: bomba nene la plastiki linaloonyesha ndani, lina shingo nyembamba, na juu ya shingo kuna kikombe chenye mfuniko. Pampu yake huvuta hewa na maji kwa pamoja na kuvipiga mpaka vinakuwa viputo vidogo sana. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hunasa kwenye viputo hivyo, hupanda navyo shingoni, humwagikia kikombeni, ukawa maji ya rangi ya chai ya rangi yenye uvundo wa kumfukuza mgeni sebuleni. Kikombe kikinuka, ujue tangi ni safi.

Kikombe cha msusi hakikunuka. Kilikuwa kikavu kabisa, na huko juu maji yalikuwa yameanza kuwa ya manjano.

Samaki walikuwa watatu mume wake alipofariki. Mmoja, yule mdogo wa buluu, alikutwa asubuhi amelala ubavu kwenye mchanga. Walibaki Bi Harusi, mweupe mwenye mapezi marefu kama shela, na Mheshimiwa, wa njano, mnene, ambaye hutembea tangini kama mtu anayekagua gwaride. Majina yalikuwa ya mume. Sasa Mheshimiwa hakukagua chochote. Alikaa juu, mdomo karibu na hewa, anapumua haraka haraka.

Na msusi alikuwa ameahidi. Hilo ndilo lililomkalia kooni.

Mume wake alikuwa fundi friji, mtu wa ulimi mzito, ambaye akitaka kukuambia kitu kizuri alikuwa anaanzia upande mbaya. Pale hospitali, siku ya mwisho, alimshika mke wake ukingo wa nguo na kusema polepole, "Samaki wangu, mama. Chakula kidogo tu. Koki ya mashine ukiigeuza, geuza kidogo, halafu iache mpaka kesho. Usiichokonoe. Na mikono yako..."

"Mikono yangu imefanya nini tena?" msusi alimkatiza. "Nimesikia, mzee. Nitawaangalia samaki wako. Hayo ya mikono nimeshasikia."

Fundi alifumba macho. Muuguzi akaja, akamwomba mke asubiri nje, na hawakuzungumza tena.

Sitamtetea msusi, lakini haki yake nimpe: neno lile lilikuwa na historia. Siku tangi lilipojazwa mara ya kwanza, miaka mingi nyuma, alirudi kutoka saluni amefurahi kama mtoto, akatumbukiza mkono kumgusa samaki. Mume akapiga kelele, "Toa mikono yako humo! Utaniharibia maji!" Wifi yake alikuwepo sebuleni, na wifi akacheka. Mikono ile ndiyo iliyokuwa imelisha nyumba mwaka mzima fundi alipokosa kazi. Ilisuka watu tangu asubuhi mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Leo inaambiwa inaharibu maji ya samaki!

"Si hivyo, sikiliza nikwambie," fundi alisema akimfuata jikoni.

"Nimesikia," alijibu, akafunga mlango.

Basi neno hilo likawa kufuli lake. Kila fundi alipotaka kufungua mdomo kuhusu tangi, alikutana nalo: nimesikia. Mwisho akaacha kujaribu. Msusi hakulisogelea tena tangi lile, hata vumbi la kioo hakufuta, na watu wawili wakaishi nyumba moja na samaki katikati yao.

Jingine lililomchoma ni mikono ya mume mwenyewe. Ilipauka. Ilikuwa myeupe myeupe kama ya mtu aliyekanda unga, nyufa zimejaa kwenye viungo, na huyu ni mume wa msusi, ambaye nyumba yake haijawahi kukosa mafuta! Wateja walimtania: "Dada, mumeo unamnyima mafuta?" Alikuwa anacheka nao, moyoni anaungua. Kila mara alimletea kopo kutoka saluni, mafuta mazito ya nazi aliyochanganya mwenyewe. Makopo yalipotea. Mikono ilibaki vile vile. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba miguu ya fundi iling'aa, kisigino laini kama cha bwana harusi. Msusi hakuuliza. Alijijibu mwenyewe kwamba mafuta yake yanakwenda kwa mtu mwingine, na mwaka fulani alimwambia hivyo usoni. Fundi akasema, "Mimi? Na uso huu?" Halafu akaenda kulisha samaki. Baada ya hapo, akinyoosha mkono kumshika, msusi alikuwa anausukuma pembeni. Alisema unakwaruza.

Sasa alikuwa peke yake na mashine. Kwanza alikiosha kikombe kwa sabuni ya vyombo, akidhani anafanya usafi wa maana, na povu likapanda kwa hasira likafurika mpaka zuliani. Alipolikausha zulia na kusuuza kila kitu, povu likanywea. Akageuza koki ya maji. Akaigeuza tena. Akafungua ya hewa, akaifunga. Asubuhi kabla ya saluni aliingiza mkono kusogeza pampu. Jioni aliporudi aliingiza tena. Kuna siku alichelewa kutoka asubuhi akaiacha, na jioni alikuta povu limefika nusu ya shingo. Alifurahi, akaingiza mkono kuisawazisha kidogo tu, na mbele ya macho yake likashuka, likazama.

"Inanikataa," alimwambia binti yake kwa simu. "Kama mwenyewe alivyonikataa."

"Mama, liuze hilo tangi," binti alisema. "Au waite watu walichukue. Kwani lazima?"

"Niliahidi."

"Baba angekuelewa."

"Baba yako hakuwahi kunielewa," msusi alisema, kisha akakata simu, kwa sababu sauti yake ilianza kuvunjika na hakutaka binti aisikie.

Aliyekuja kumsaidia ni Chumvi. Huyu alikuwa na duka la samaki wa mapambo, na jina alilipata kwa sababu ndiye aliyemuuzia kila mtu chumvi ya matangi. Alimjua fundi miaka yote hiyo. Alivua viatu, akakaa chini mbele ya kabati na kuitazama mashine. Hakugusa kitu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mashine ni nzima. Maji yamekaa mahali pake. Umekuwa ukiigusa leo?"

"Asubuhi. Nimesogeza pampu."

"Na kazini unashika nini siku nzima?"

"Vichwa vya watu."

Chumvi alicheka. "Na vichwa vya watu unavipaka nini?"

Msusi alitaka kujibu, akajikuta anaangalia viganja vyake. Vilikuwa vinang'aa.

"Mafuta yanaua povu," Chumvi alisema. "Hata kidogo. Ukiingiza mkono uliopakwa, viputo vinapasuka vyote, na mashine inalala mpaka kesho yake. Sabuni nayo inafurisha. Unaosha mikono vizuri, unasuuza mpaka uchoke, na hujipaki kitu. Sisi wote mikono yetu ndiyo hii." Akainyoosha yake, imepauka, ina nyufa kwenye viungo. "Ya mumeo ilikuwa mibaya kuliko yangu. Tulikuwa tunamtania pale dukani kwamba ameoa msusi halafu anatembea na mikono ya mpiga chokaa. Hakukwambia?"

"Alitaka kuniambia," msusi alisema. "Nilimwambia nimesikia."

Chumvi akasema shughuli zinamsubiri, akaaga.

Msusi aliosha mikono jikoni kama mtu anayejiandaa kumzalisha mwenzake. Akasuuza, akasuuza tena. Akarudi kabatini, akageuza koki kidogo kama alivyoambiwa, akatoa mkono. Ndipo alipotaka kufuta matone yaliyoangukia nyuma ya tangi dogo, akapeleka tochi kule kwenye kona, na kuona makopo.

Yalikuwa yamepangwa ukutani, moja juu ya jingine. Makopo ya saluni yake, yenye mwandiko wake mwenyewe kwenye kifuniko. Alivuta moja, akalifungua. Tupu. La pili tupu, limekombwa mpaka kwenye pembe. La tatu tupu. La mwisho lilikuwa limebaki robo, na ndani yake kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, kimelowa mafuta, kimefungwa kwenye kijiti ili mkono usiguse.

Alikaa chini pale pale na kopo mapajani. Akaiona miguu ile inayong'aa. Akamwona mtu mzima amekaa pembeni ya kitanda, anajipaka mafuta ya mke wake kwa kijiti, kisigino kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu wa fundi, hataki kuyatupa na hawezi kuyagusa. Karibu yote aliyoletewa aliyamaliza. Na alituhumiwa, akasema tu, "Mimi? Na uso huu?"

Msusi alilia kwa sauti, kilio ambacho msibani hakikutoka.

Kesho yake povu lilikuwa limefika shingoni, zito, la rangi ya kahawia, na kikombe kimeanza kunuka. Siku zilizofuata maji yalirudi kuwa meupe. Mheshimiwa alishuka kutoka juu na kuanza tena kukagua gwaride lake. Bi Harusi alikula. Saluni, msusi alianza kuvaa glavu, na akitoka kazini hakujipaka kitu, mpaka mteja mmoja akamshika mkono na kushtuka.

"Dada, msusi mzima umepauka hivi?"

"Nina samaki nyumbani," alijibu.

Jioni alimwaga kikombe, akakisuuza, akakirudisha. Mashine ilikuwa inakoroma taratibu. Yale maneno ya hospitali yalikuwa yanamjia kila alipofika hapo: na mikono yako. Alishayamaliza kwa njia nyingi. Na mikono yako ina mafuta. Na mikono yako uioshe kwanza. Siku ambazo moyo ulikuwa laini aliyamaliza kwa namna nyingine, namna ambayo fundi asingeweza kuitamka hata akiwa mzima, kisha akajionea haya, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumwambia kama amepatia.

Aliingiza mkono mkavu majini. Mheshimiwa akaja, akaugusa kwa mdomo. Povu halikushuka.

"Malizia basi, mzee," msusi alisema. "Nasikiliza."